Sura ya Saba: Mhadhiri Anapoutua Mzigo wa Hukumu

Kazi ya mwalimu wa chuo kikuu ina sehemu mbili ambazo hufanywa na mtu yule yule lakini hazilingani kwa uzito, kwani katika sehemu ya kwanza mwalimu hufundisha, yaani huandaa mihadhara, huongoza semina na kujibu maswali, na katika sehemu ya pili hutahini, yaani hupima kile walichokipata wanafunzi na kukitolea hukumu inayoandikwa kwa tarakimu. Kufundisha huchosha, lakini uchovu wake huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja au miwili. Kutahini huchosha kwa namna nyingine, kwa sababu mhadhiri anajua kwamba tarakimu atakayoiandika leo itamwandama kijana wa watu katika maombi ya ajira na ya masomo ya juu kwa miaka mingi, na kwamba kijana huyo hatapata nafasi ya kukaa naye na kumweleza alichokusudia kukiandika. Faraja inayomjia mhadhiri mwaka wa masomo unapofungwa, ambayo ndiyo mada ya sura hii, haifahamiki sawasawa ikidhaniwa kuwa ni furaha ya mfanyakazi aliyepata likizo, kwa kuwa hasa ni faraja ya mtu aliyekabidhiwa amana, akailinda, na hatimaye akaifikisha panapohusika.

Pemba ni mahali panapofaa sana kuichunguza faraja hiyo, maana elimu ya chuo kikuu imekifikia kisiwa hicho katika karne hii tu, jamii yake ni ndogo kiasi kwamba mtahini na mtahiniwa huishi jirani, na miezi ya kufunga mwaka wa masomo hukaribiana au hukutana na miezi ya karafuu, zao ambalo limepanga maisha ya Wapemba kwa muda mrefu kuliko kalenda yoyote ya chuo.

Kisomo cha juu, hata hivyo, hakikuanza visiwani kwa kuja vyuo vikuu. Tangu zamani mwanafunzi aliyekwisha kuhitimu Kurani aliweza kuendelea na darsa, yaani masomo ya kukaa mbele ya sheikh na kusomeshwa kitabu baada ya kitabu katika fiqhi, nahau na tafsiri, na sheikh wa sifa ya Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu na kufariki Unguja mwaka 1925, aliwavuta wanafunzi kutoka pembe nyingi za mwambao hadi madrasa yake ya Ukutani. Katika utaratibu huo ijaza, yaani idhini ya sheikh inayomruhusu mwanafunzi kufundisha kile alichofundishwa, haikuwa na tarehe, bali ilitolewa pale mwanafunzi alipoonekana ameiva, iwe baada ya mwaka au baada ya miaka kumi, na kitabu kilipomalizika iliombwa dua, kisha kikafunguliwa kingine. Sheikh hakuwa na mwisho wa mwaka wa kuusubiri. Hukumu yake ilitawanyika katika siku zote za kusomesha, kwa kuwa alimsikia mwanafunzi akikosea irabu leo na akamsikia akiipatia wiki ijayo, na hakupata hata siku moja kukaa peke yake mbele ya lundo la karatasi za watu asiowaona, huku tarehe ya kutangaza matokeo ikimkaribia.

Lundo hilo limekuja kwa njia nyingine. Mwaka 1949 Makerere, nchini Uganda, iliingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ikawa wanafunzi wa Afrika Mashariki wanasomea nyumbani shahada zilizotolewa na London na kupimwa kwa viwango vya huko. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kikiwa na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi 14, nacho kiliupokea utaratibu huo, kikapita katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilichoundwa mwaka 1963, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Majina ya vyuo yalibadilika na lugha ya siasa ikabadilika, lakini mtihani wa mwisho wa muhula wenye saa maalumu, ukumbi maalumu, kijitabu cha majibu na mtahini wa nje ulibaki karibu kama ulivyokuwa, na ndio unaotumika hadi sasa katika vyuo vinavyosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

Wapemba kwa muda mrefu waliufuata mtihani huo ng'ambo ya bahari, wakati mwingine baada ya kungoja sana. Seif Sharif Hamad, aliyezaliwa Mtambwe mwaka 1943 na ambaye baadaye alikuwa Waziri Kiongozi na kisha Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alimaliza kidato cha sita kabla ya Mapinduzi ya 1964, akafundisha katika skuli za Zanzibar, ikiwemo Fidel Castro iliyopo Pemba, na ni mwaka 1972 tu alipoweza kujiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar yenyewe ilipata Chuo Kikuu cha Taifa, maarufu kwa kifupi SUZA, kwa sheria ya mwaka 1999, na chuo hicho kikaanza kufundisha mwaka 2001. Leo kina Kampasi ya Benjamin Mkapa huko Mchanga Mdogo, Wilaya ya Wete, kwa hiyo kijana wa Konde au Kengeja anaweza kusoma shahada yake bila ya kupanda boti, jambo ambalo kwa wazazi wake halikuwezekana. Faida hiyo ni kubwa mno, na ndiyo inayoupa uzito wa pekee mtihani unaosahihishwa kisiwani, kwani kijana mmoja anapokwama katika mwaka wake wa pili, mara nyingi ni mtu wa kwanza wa nyumba yake kufika chuo kikuu ndiye aliyekwama.

Fungu la vijitabu vya majibu linastahili kutazamwa kwa karibu, kama linavyofika mezani kwa mhadhiri. Huwa limefungwa kwa uzi au limetiwa katika bahasha ya kaki, juu yake imeandikwa namba ya kozi, tarehe ya mtihani na idadi ya vijitabu, na mhadhiri huvihesabu kimoja kimoja kabla ya kutia saini kwamba amevipokea, kwa sababu kijitabu kikipotea hapana maelezo yatakayomridhisha yeyote. Kila kijitabu kina namba ya mtahiniwa badala ya jina lake. Mhadhiri mwenye uzoefu hasahihishi kijitabu kimoja tangu mwanzo hadi mwisho ndipo akashika cha pili, bali husahihisha swali la kwanza katika vijitabu vyote, kisha hurudi mwanzo kwa swali la pili, ili kipimo alichokitumia kwa mtu wa kwanza kisiwe kimelegea au kukaza anapomfikia wa mwisho. Kozi ikiwa na wanafunzi 150, na kila kijitabu kikihitaji robo saa, kazi hiyo peke yake ni saa 37 na nusu, na ni mhadhiri adimu anayefundisha kozi moja tu katika muhula. Alama hizo hujumlishwa na zile za tathmini endelevu, yaani majaribio, insha na mawasilisho yaliyofanyika muhula mzima, ambazo katika vyuo vingi vya nchini huchukua sehemu 40 katika 100, zikibakia 60 za mtihani wa mwisho.

Ugumu wa kusahihisha haumo katika majibu mazuri wala katika majibu mabovu, kwa kuwa yote mawili hujisema yenyewe. Umo katika majibu ya katikati, yanayoonesha kwamba mwanafunzi alifahamu jambo lakini lugha ya kulielezea ikamkatikia, na kwa mwanafunzi wa Pemba, ambaye alifikiri kwa Kiswahili tangu utoto na sasa anajibu kwa Kiingereza, hali hiyo ni ya kila siku. Mhadhiri anayesoma sentensi iliyovunjika hulazimika kuamua iwapo kilichovunjika ni lugha au ni fikra. Pale mpaka wa kufaulu unapokuwa alama 40, tofauti ya 39 na 40 huamua kama kijana ataendelea na mwaka unaofuata kwa utulivu au atarudi kufanya mtihani wa marudio, ambao wanafunzi huuita sapu, na sapu zikizidi kiwango kinachoruhusiwa huweza kufikia kile wanachokiita kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Usiku wa manane, mbele ya kijitabu chenye alama 39, mhadhiri husoma upya swali zima akitafuta alama moja ambayo mwanafunzi ameistahiki kwa haki na yeye hakuiona, na asipoipata huandika 39. Kwa mtazamo wa sura hii, kisomo hicho cha mara ya pili ndicho kinachomtenga mwalimu na mashine ya kuhesabu, na ndicho pia kinachomla nguvu.

Mazingira ya kisiwani yameipunguzia kazi hiyo baadhi ya taabu zake. Mwaka 2010 Pemba iliungwa na gridi ya umeme ya taifa kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, ambapo kabla yake kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na taa ya kusahihishia haikuwa ya kutegemewa. Taabu nyingine zimo katika kalenda yenyewe. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa jua, hivyo kati ya 2014 na 2016 uliangukia Juni na Julai, miezi ambayo vyuo vingi hufanya mitihani ya mwisho wa mwaka, na katika jamii ambayo karibu watu wote hufunga, mtahini na mtahiniwa walibeba saumu na mtihani kwa pamoja. Mwaka 2020 ukaja mtikisiko wa aina nyingine, vyuo vikuu vyote vya Tanzania vilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya maradhi ya Korona na kufunguliwa tarehe 1 Juni, na mwaka wa masomo ukasukumwa mbele. Waliofundisha mwaka ule walijifunza kwamba mwisho wa mwaka si jambo la maumbile kama kupwa na kujaa kwa bahari, bali ni mapatano ya watu, yanayoweza kuahirishwa.

Linaloipa Pemba upekee, hata hivyo, ni udogo wa jamii. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 katika kisiwa kizima, ilhali Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na zaidi ya milioni tano, na mhadhiri wa Dar es Salaam akitoka chuoni jioni hupotea katika umati. Mhadhiri wa Mchanga Mdogo hapotei. Ndani ya gari ya abiria ya kwenda Wete hukaa bega kwa bega na mwanafunzi aliyemsahihisha jana, msikitini husimama safu moja na ami yake, harusini hupokewa na mama yake, na msiba ukitokea huenda wote wakakutana makaburini. Namba iliyowekwa mahali pa jina humlinda mwanafunzi, lakini mwalimu aliyekwisha kusoma insha zake kwa muhula mzima huujua mwandiko wake, hivyo usiri wa mtihani hulindwa na dhamiri kuliko unavyolindwa na namba. Katika jamii ya namna hii upendeleo una milango mingi, na aliye nje ya chuo huweza kudhani kwamba undugu hulainisha hukumu. Ukweli ni kwamba undugu huo huo huifanya hukumu iwe nzito zaidi, kwa sababu mwalimu atakayempa mtoto wa jirani alama asiyostahiki atakutana kila asubuhi na jirani mwingine ambaye mwanawe hakupewa. Mwalimu anayeheshimiwa Pemba, wa skuli au wa chuo, ni yule ambaye watu wamemtazama kwa miaka na hawakumwona akipinda.

Ndiyo maana faraja ya mhadhiri haiji pale kalamu nyekundu inapowekwa chini, kama wengi wanavyodhani, bali huja kwa awamu, kadiri hukumu inavyotoka mikononi mwa mtu mmoja na kuingia mikononi mwa taasisi. Alama kwanza hupitiwa na idara, ambayo huangalia iwapo kozi moja imefelisha watu kupita kiasi au imefaulisha kupita kiasi. Kisha huja mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine anayealikwa kusoma sampuli ya vijitabu pamoja na maswali yenyewe na kusema kama kipimo kilichotumika ni cha haki, desturi ambayo asili yake ni Uingereza, ambako Chuo Kikuu cha Durham, kilichoanzishwa mwaka 1832, kiliwatumia watahini kutoka Oxford ili shahada zake ziaminike. Baada ya hapo bodi ya mitihani hukaa, na mwisho kabisa seneti, ambayo ni chombo kikuu cha chuo katika mambo ya taaluma, huyapitisha matokeo. Kabla ya seneti matokeo ni ya muda na mwalimu bado anaweza kuitwa kueleza. Seneti ikishapitisha, hukumu inakuwa ya chuo kizima, na hapo ndipo mhadhiri hushusha pumzi. Aliyeipa faraja hiyo sura ya ubinafsi hakuipima vyema, kwa sababu mtu anayeshusha pumzi baada ya hukumu yake kukaguliwa na wenzake anafurahi kwamba kama alikosea, kosa lake lilikuwa na nafasi ya kuonekana na kusahihishwa kabla halijamuumiza mtu.

Kampasi ikishanyamaza, wanafunzi husambaa. Wa Unguja na wa Bara huteremka bandarini Mkoani au Wete na kuvuka katika miezi ya kusi, upepo wa kusini ambao huichafua bahari ya mkondo wa Pemba, na tangu meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikiwa safarini kutoka Unguja kuja Pemba, hakuna mwalimu kisiwani anayewaaga wanafunzi wake bila ya kuwataka watoe habari wakifika.

Wale wa Pemba wenyewe huenda mashambani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu wakati huo Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Uchumaji huweza kuanza Julai na kuendelea kwa vipindi hadi Januari, kutegemea mvua na mti, na kila baada ya miaka minne hivi huja msimu mkubwa, ambapo kila mkono huhitajika. Karafuu haisubiri, kwa kuwa lazima ichumwe kabla tumba halijafunguka, na ikishafunguka thamani yake hupotea. Mwanafunzi ambaye wiki mbili nyuma alikuwa akieleza nadharia za ujifunzaji hupanda mkarafuu wa babu yake, huvuta tawi kwa upole lisivunjike, hukata vishada na kuvitia kapuni, na jioni hukaa na jamaa zake katika uchambuzi, yaani kutenganisha karafuu na makonyo, ambayo ni vijiti vyake, kwa kukibana kishada baina ya kiganja na vidole na kukisokota mpaka tumba zote zidondoke. Asubuhi karafuu huanikwa juu ya majamvi mpaka zigeuke rangi kuwa kahawia, kisha hupelekwa kuuzwa katika vituo vya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na makonyo nayo hayatupwi, kwa kuwa hukamuliwa mafuta katika kiwanda kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake. Fedha ya msimu huo ndiyo inayolipa sehemu ya ada ya mwaka ujao katika nyumba nyingi. Mhadhiri mwenye asili ya kisiwani naye aghalabu ana miti yake au ya wazee wake, na uchovu unaompata shambani humpumzisha, kwa sababu ni uchovu usiokuwa na hukumu ndani yake, maana karafuu mbovu hutiwa kando bila ya mtu yeyote kuumia.

Mapumziko hayo, kwa bahati mbaya, yanazidi kumegwa. Katika vyuo vinavyofundisha ualimu, likizo ndefu ndiyo hutumika kwa mazoezi ya kufundisha, ambapo mwanafunzi hupelekwa skuli kwa wiki kadhaa na mhadhiri humfuata darasani kumkagua, na wanaosoma fani nyingine huwa katika mafunzo ya vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, ambako pia wanahitaji msimamizi. Ukaguzi huo ni tathmini kama tathmini nyingine, kwa hiyo mwalimu aliyetua mzigo wa hukumu mwanzoni mwa mwezi hutwishwa mwingine kabla mwezi haujaisha. Baadaye huja mitihani ya marudio na usahihishaji wake. Wakati huo huo mhadhiri anayetaka kuwa mhadhiri mwandamizi anatakiwa awe na machapisho, yaani makala na vitabu vya utafiti vilivyopitiwa na wataalamu wenzake, na utafiti haufanyiki kwa vipande vya nusu saa baina ya mkutano na mkutano. Likizo ndefu iliwekwa iwe pia msimu wa kusoma na kuandika, na pale inapoliwa na kazi za mwaka uliopita, kinachopotea si starehe ya mwalimu peke yake bali ni maarifa mapya kuhusu Pemba yenyewe, kuhusu misitu yake kama Ngezi, ushairi wake wa kale, uvuvi wa Kojani, afya na udongo wake, mambo ambayo hakuna mtu wa kuyaandika kwa undani kama msomi anayeishi papo hapo.

Wanaopanga almanaki za vyuo, yaani ratiba rasmi za mwaka wa masomo, wana wajibu wa kutenga ndani yake wiki zisizopungua nne ambazo hazina mtihani, usimamizi wala kikao, na kuzilinda kama zinavyolindwa wiki za mihadhara, na vyuo vyenye kampasi Pemba vingefanya vyema zaidi kuziweka wiki hizo palipo na karafuu, kwa kuwa ndipo wanafunzi na walimu wengi wanapohitajika nyumbani. Wasimamizi wa mazoezi ya kufundisha nao waongezwe, ili ukaguzi usiwaangukie watu wale wale wanaotoka katika usahihishaji. Na mzazi mwenye mtoto chuoni anaombwa jambo moja lililo katika uwezo wake: akikutana na mwalimu wa mwanawe sokoni Wete au Chake Chake kabla ya seneti kukaa, amsalimie, amuulize hali na habari za nyumbani, na suala la matokeo aliwache lipite katika ofisi zinazohusika.